Atomu kati ya vioo viwili: programu yangu imefikia wapi

Sehemu niliyoisubiri kwa hamu sasa inafanya kazi: programu inapokea umbali kati ya vioo viwili bapa vinavyotazamana, kisha inakokotoa kasi ambayo atomu iliyopandishwa nishati, ikiwa katikati yao, itatoa mwanga ikilinganishwa na atomu iliyo mahali pa wazi. Vioo nimevichukulia kuwa kamilifu, visivyofyonza chochote, ili hesabu ibaki kuwa jumla ya mawimbi yanayoweza kukaa kati yake.

Grafu ya mtetemo wa umeme wa atomu ulio sambamba na vioo inapendeza kuitazama. Umbali ukiwa chini ya nusu ya urefu wa wimbi, kasi ni sifuri; ukivuka nusu hiyo kidogo tu, inaruka hadi mara 3 ya kawaida, kisha inashuka hadi 0.56 kabla ya kuruka tena umbali unapofika wimbi moja na nusu. Mruko huo wa kwanza ndio uliopimwa na Hulet, Hilfer na Kleppner katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwaka 1985, kwa atomu za sesiamu zenye wimbi la takriban milimita 0.45. Badala ya kusogeza mabamba yaliyokuwa vioo vyao, waliubadili urefu wa wimbi kidogo kwa uga wa umeme (ujanja ambao nauhusudu), na muda wa atomu kubaki na nishati yake ukaongezeka angalau mara 20.

Mtetemo unaosimama wima dhidi ya vioo unakwenda kinyume: kadiri nafasi inavyobana, ndivyo mwanga unavyotoka upesi zaidi, mara 1.5 kwenye nusu ya wimbi na mara 3 kwenye robo. Kwa hiyo maelezo yaliyozoeleka, kwamba mwanga hukosa nafasi ya kutokea, naona ni nusu tu ya habari. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, la mwaka 1987, ambapo vioo vilitenganishwa kwa mikromita 1.1 na wimbi lilikuwa takriban mikromita 3.5, mwelekeo wa mtetemo ulibadilishwa kwa uga wa sumaku. Kwa vipimo hivyo programu yangu inatoa sifuri kwa mtetemo ulio sambamba na mara 2.4 kwa ule wa wima.

Nimeanza pia kuisogeza atomu kutoka katikati. Ikiwa robo ya njia kutoka kioo kimoja, mruko wa 3 unapungua hadi 1.5, na mwingine unachomoza kwenye wimbi zima, mahali ambapo awali grafu ilipita bila kuruka. Kinachofuata ni kuingiza ufyonzaji wa vioo vya dhahabu halisi, ambao utaifanya miruko hii kuwa miteremko.