Huyo "yeyote anayehusika" hayupo ofisini

Juzi saa tano usiku mdogo wangu kanitumia meseji, "dada umelala?", nikajua tu kuna kitu. Kumbe ameona tangazo la kazi ya stoo kwenye kampuni moja ya usambazaji, mwisho wa kutuma kesho yake saa kumi jioni, CV anayo, vyeti kashaskani, barua kaandika yote mpaka chini ila kakwama pale juu kabisa. Tangazo limeweka imeli tu, hakuna jina hakuna cheo. "Sasa naandika kwa nani?" Nikacheka peke yangu kitandani maana hilo swali limenitesa sana enzi zangu, na jibu lake nilikuja kulipata mahali ambapo wala sikutegemea.

Mimi barua yangu ya kwanza ya kazi sikuiandika, nilichapiwa. Nimemaliza chuo nakaa kwa shangazi Mbagala, naenda steshenari moja kule Rangi Tatu, kijana wa pale ana faili moja kwenye kompyuta limeandikwa BARUA YA KAZI MPYA, kila mteja anafutiwa jina la aliyepita anawekewa lake, inaprintiwa, anasaini, anaondoka. Juu imeandikwa "Dear Sir" na mimi nikaona poa, Kiingereza si ndio kazi zenyewe. Nikatoa kopi saba, bahasha za kaki saba, nikazunguka nazo Posta, Kariakoo, mpaka viwandani Vingunguti jua lote langu. Wiki mbili baadaye nimetulia naisoma ile kopi niliyobaki nayo, naona kwenye anwani ya mwandikiwa lipo jina la shule ya msingi ya mteja aliyenitangulia! Zote saba. Yaani kuna kiwanda cha mabati kimepokea barua inayomwomba mwalimu mkuu nafasi. Sikumlaumu yule kijana, mwenye barua nilikuwa mimi na macho ninayo.

Sasa basi, baadaye nikapata kazi ya mkataba masjala, kwenye ofisi moja ambayo siitaji. Kama hujawahi kukaa masjala, ni kile chumba cha mafaili ambako barua zote zinaingilia. Unafungua bahasha, unapiga muhuri wa IMEPOKELEWA na tarehe, unaandika kwenye rejista, unaiweka kwenye faili, faili linapelekwa. Na hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho chuo hawakunifundisha, kwamba mtu wa kwanza kusoma barua yako sio bosi, ni mtu kama mimi nilivyokuwa mimi, ana bahasha sitini mezani, na hasomi umeeleza nini, anasoma umeandika kwa nani ili ajue aipeleke wapi. Basi. Ukiandika Afisa Utumishi inakwenda kwa Afisa Utumishi, ukiandika Mhasibu Mkuu inakwenda uhasibu hata kama ndani unaomba udereva.

Zile za "Kwa yeyote anayehusika" ndio zilikuwa mtihani. Ofisi nzima haina mtu anaitwa Yeyote. Unazunguka nayo, huyu anasema sio yangu, yule anasema mpelekee yule, mwisho inaingia kwenye faili la mkuu, mkuu naye anasafiri, akirudi anaandika dokezo pembeni kwa kalamu "Utumishi, tafadhali shughulikia", ndio inashuka chini kuanza safari upya. Kufika itafika, sikatai, ila tarehe ya mwisho imeshapita na walioitwa wameshaitwa. Yale maneno yana kazi yake, barua ya utambulisho au barua ya kumsifia mtu aliyefanya kazi kwako, ambayo ataibeba mwenyewe na kuionyesha popote atakapokwenda, hapo sawa kabisa kwa sababu kweli hujui itasomwa na nani. Barua ya maombi ya kazi unajua inakwenda ofisi gani.

Na kuna waliojifanya wajanja zaidi, wameulizia wameambiwa jina la mkubwa wanaliandika lote kwenye bahasha bila cheo. Sasa pale kwetu bahasha yenye jina la mtu tupu tulikuwa tunaichukulia ni ya binafsi, haifunguliwi, inawekwa mezani kwake. Akiwa likizo inamsubiri. Akiwa amehamishwa ndio balaa, nakumbuka kuna mkubwa alihamishiwa mkoa mwingine na bahasha zake zilikaa kwenye droo yetu miezi, zimefungwa vile vile, na ndani yake mtu kaweka ndoto zake na picha mbili za pasipoti.

Kwa hiyo dawa ni cheo. Hujui jina, sawa, lakini cheo huwezi kukikosa kwa sababu kila aina ya ofisi ina mkubwa wake na anajulikana anaitwaje. Halmashauri ni Mkurugenzi Mtendaji. Wizara ni Katibu Mkuu, na sio Waziri, wengi wanakosea hapa wanamwandikia Waziri kana kwamba ndiye anayeajiri. Shule ni Mkuu wa Shule, au Meneja wa Shule kwa hizi za binafsi nyingine. Hospitali jaribu Mganga Mfawidhi. Kampuni ni Meneja Rasilimali Watu, na kama ni kampuni ndogo ya watu sita ambayo hata huyo HR hawana, andika Mkurugenzi tu, mara nyingi ndiye anayeajiri, ndiye anayelipa, na ndiye anayefungua hiyo imeli.

Za serikali zinazopitia Ajira Portal, ile tovuti ya serikali ya kuombea kazi, wala huna haja ya kukisia, tangazo lenyewe linakwambia, watu hawasomi tu mpaka chini. Mara nyingi barua inaelekezwa kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Hata kama kazi yenyewe iko halmashauri ya Kigoma huko, tangazo likisema Katibu unaandika kwa Katibu, huandiki kwa mkurugenzi wa Kigoma mpaka tangazo lenyewe limtaje. Na iwe imesainiwa, wanasisitiza hilo. Kosa lingine ni hizi sampuli za zamani zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, nyingine bado zina sanduku la posta la Dar es Salaam la kabla hawajahamia Dodoma, mtu anakopi na kupesti mpaka sanduku la marehemu.

Haya, umeshaweka cheo na anwani, sasa salamu. Hapa ndio Kiswahili kinanifurahisha. Waingereza wanahangaika na Sir au Madam kwa sababu hawajui aliyeko mle ndani ni mwanaume au mwanamke, sisi tuna "Ndugu" na imemaliza kila kitu. Ndugu haina jinsia, haiulizi kama umeolewa, haiulizi umri. Ilikaa sana midomoni enzi za TANU na Ujamaa, ahadi ya kwanza kabisa ya mwanaTANU ilikuwa binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja, na mpaka leo kwenye barua za kiofisi bado ipo imetulia. Kuna wanaosema inanuka chama, mimi naona ni heshima ya kawaida tu. Unaandika "Ndugu," unashuka mstari, unaweka YAH: MAOMBI YA KAZI YA MTUNZA STOO kwa herufi kubwa unapigia mstari, unaendelea. (Rafiki yangu wa Nairobi niliyekaa naye hosteli alikuwa anaandika MINTARAFU pale ambapo sisi tunaweka YAH, nikadhani ananitania, kumbe wenzetu ndivyo walivyofundishwa shuleni.)

Bwana na Bibi uviache mpaka uwe na uhakika. Pale masjala mkubwa wetu alikuwa mama, na bado barua zilikuwa zinaingia "Dear Sir", "Mheshimiwa Bwana Mkurugenzi", akizisoma anasema haya, huyu naye kanipa ndevu. Alikuwa anacheka, lakini ndio umeshakuwa kichekesho kabla hajafika kwenye sifa zako. Hata jina ukilipata mtandaoni usikimbilie kuweka Bw., kuna akina Tumaini na Riziki na Amani na Furaha wa kila jinsia. Andika Ndugu halafu jina lake kamili, na cheo chake chini ya jina, umemaliza.

Kama tangazo ni la Kiingereza basi jibu kwa Kiingereza, na hapo "Dear Hiring Manager" inakubalika kabisa, au "Dear Sir/Madam" ambayo ni ya kizee kidogo ila haijaua mtu. Ukianza na Dear Sir/Madam mwisho unaweka Yours faithfully, ukianza na jina la mtu unaweka Yours sincerely, hiyo ndiyo kanuni tuliyokaririshwa sekondari na wazee wa maofisini bado wanaiangalia. Vijana wa HR wala hawana habari nayo. Nisichokipenda ni "Hello" tupu, au imeli isiyo na maneno yoyote, kichwa hakuna, imebeba tu viambatanisho vinne kama mzigo uliotelekezwa stendi.

Na kuna njia ambayo vijana wanaiogopa sijui kwa nini, kupiga simu. Piga mapokezi, "samahani dada, shikamoo, nina barua ya maombi ya kazi, naomba kuuliza naielekeza kwa nani?" Dakika moja tu. Hakuna anayekata simu kwa swali hilo. Kama ofisi iko jirani nenda muulize mlinzi getini, mlinzi anajua nani anapokea, nani yuko likizo, na nani akiwa na hasira usimsogelee.

Nikamwambia mdogo wangu hayo yote kwa voisi noti ya dakika saba, akanijibu "dada ni saa sita usiku nitampigia nani?" Kweli. Basi weka Meneja Rasilimali Watu, jina la kampuni, sanduku la posta angalia kwenye tovuti yao, Ndugu, Yah. Asubuhi saa mbili na nusu akapiga mwenyewe, dada wa mapokezi akamwambia HR hawana, andika kwa Meneja wa Tawi. Akabadilisha. Saa nne ananitumia tena, "dada, mwisho naweka wako mtiifu au wako mwaminifu?" Nikamwambia weka mtiifu, saini, tuma, mimi niko kazini.