Siku moja maishani mwangu: Ijumaa ya Kwaresima kando ya karai, Obunga

Nikisema nauza mgongo wazi, wageni wa Kisumu hudhani naokota taka. Nieleze basi. Viwanda vya hapa hutoa minofu ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani aitwaye pia sangara, ikafungashwa na barafu na kusafirishwa ng'ambo. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mkia, pamoja na nyama iliyong'ang'ania mifupani. Sisi wanawake wa mtaa wa Obunga tunanunua hicho kwa kilo, tunakikaanga, na jioni kinaliwa na ugali katika nyumba nyingi za mji huu. Watoto wangu wawili wamesoma kwa mifupa hiyo.

Siku ninayoisimulia ni Ijumaa, 13 Machi 2026.

Saa kumi alfajiri. Nimeamka, nimesali, nimekunywa kikombe cha uji. Sitakula tena hadi jioni. Kanisa Katoliki halinidai hivyo: kufunga ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na Ijumaa nyingine za Kwaresima tunaacha nyama tu. Lakini ukimwambia mtu wa Kisumu aache nyama ale samaki, umemnyima nini? Kwa hiyo kila mwaka natafuta kitu kitakachoniuma kweli. Mwaka huu nimechagua ulimi. Nilipopakwa majivu tarehe 18 Februari niliahidi mbele ya jumuiya yetu ndogo kwamba hadi Pasaka sitamtolea mtu maneno makali. Wanaonijua walitazamana.

Saa kumi na moja lori likaja. Foleni, mzani, kubeba.

Saa moja hadi saa nne tuliosha, tukakata, tukaanika juu ya waya ili maji yachuruzike, tukawasha kuni. Nasaidiwa na binti wa dada yangu, aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana. Mafuta tunayokaangia ni ya mbuta mwenyewe, yanayeyushwa kutoka tumboni mwake, na moshi wake huingia kwenye nywele, kwenye leso, hata kwenye Biblia. Nimeshaacha kupigana nao.

Kibanda cha pili jirani yangu anakaanga viazi karai. Yeye ni Mwislamu, na mwaka huu Ramadhani ilianza wiki ile ile ya Majivu. Basi tunashinda pale wanawake wawili, kila mmoja na karai lake, hakuna anayeonja. Yeye hata maji hagusi, na mchana wa Machi hapa jua linakupiga utosini. Nikitaka kulalamika humtazama, nikanyamaza.

Saa tano simu ikalia. Mteja mpya, kaambiwa na mtu. Anataka vichwa kumi vya wenzake wa ofisini ambao hawali nyama leo, viwe tayari saa saba kamili, vya moto. Nikachagua vichwa vikubwa, nikaviweka kando. Wateja wangu wa kila Ijumaa wakaja wakaviona, nikawaambia vina mwenyewe. Saa saba ikapita. Saa saba na nusu. Nikampigia, akasema yuko njiani. Vichwa vikapoa, nikavirudisha kwenye mafuta. Saa nane na robo ndipo akafika, shati jeupe limepigwa pasi, hataki kusogea karibu kwa sababu ya moshi.

Akaanza kuvigeuza kwa kidole, kimoja kimoja. Hiki kimekauka. Hiki kidogo. Nikamwambia, "Kastama, vilikuwa tayari tangu saa saba." Akauliza bei kana kwamba hatukukubaliana kwenye simu. Nikamtajia ile ile, shilingi mia moja kila kimoja. Akacheka. "Mama, haya si makombo ya kiwanda? Mnapewa bure, halafu mnatuuzia sisi." Nikamweleza kwa upole jinsi tunavyonunua, na kwamba wanaotengeneza chakula cha kuku nao wanaitaka mifupa hii hii, ndiyo maana bei inapanda. Hakusikiliza. Akasema hamsini. Akasema sitini. Mwishowe akasema, "Hii ni Kwaresima, mama. Nifanyie sadaka."

Neno hilo lilinichoma kuliko makombo. Sadaka ninayo. Ni kopo la majani ya chai lililo chini ya kitanda, natia humo thamani ya chakula cha mchana nisichokula, na siku yake ikifika linakwenda kanisani. Mzee ninayempa mkia kila Ijumaa bila kumdai, hiyo pia ni sadaka. Mtu mwenye mshahara kuninyang'anya jasho langu na kuliita sadaka, hapana. Maneno yalinijaa mdomoni, na nayajua maneno. Nikayameza. Nikasema, "Themanini, na Mungu akubariki." Akatuma pesa kwa simu, ujumbe haukuja, tukasimama tukiutazama mtandao dakika kumi na tano nzima huku wateja wengine wakiondoka. Ulipoingia akaenda bila kuaga.

Nikageuka. Karai lilikuwa linatoa moshi mweusi. Migongo minne imeungua, na binti amesimama na kijiti mkononi akimtazama yule mtu akienda.

Yote niliyomnyima yule mwanamume nikampa mtoto. Nilimwita mzembe, nikamwita mzigo, nikamtaja mama yake aliyelala kaburini. Hakujibu. Alichukua beseni akaenda kuliosha nyuma ya kibanda, na beseni lilikuwa safi.

Sijui saa ngapi ilikuwa baada ya hapo. Niliuza, nilihesabu chenji, mafuta yakanirukia kiganjani. Jirani yangu hakusema kitu. Aliniletea maji ya baridi ya kulowesha kidonda, yeye aliyekuwa na kiu tangu alfajiri.

Kwetu mtu mzima hamwombi mtoto msamaha. Ananunua soda, anatania, yanaisha. Nilifikiria soda. Halafu nikakumbuka kwamba saa kumi na moja jioni nakwenda Njia ya Msalaba, kupiga magoti vituo kumi na vinne nikisali "tunakuabudu, tunakushukuru" na mdomo huu huu. Nikaenda nyuma ya kibanda, nikachuchumaa. "Mwanangu, nimekukosea. Na mama yako nimemkosea. Nisamehe." Alikuwa anakwangua magamba, hakuinua macho. "Ni sawa, Anti." Haikuwa sawa, na wote tulijua.

Kanisani nilikaa nyuma kwa sababu ya harufu. Kituo cha tisa, Yesu anaanguka mara ya tatu, magoti yangu yalikataa kuinuka. Mkono ukanishika kiwiko. Alikuwa ni yeye. Nilimwacha akifunga kibanda. Sikujua kwamba alinifuata.

Tulifika nyumbani giza limeingia. Akasonga ugali, akatoa ile migongo minne aliyokuwa ameifunga kwenye gazeti, tukakwangua palipoungua tukala pamoja. Alinisimulia habari za mama yake, mambo mengine sikuyajua, na mimi nilikuwa dada yake.

Mvua imeanza kunukia kutoka ziwani. Kuni za kesho tumeziingiza ndani.