Deni la Mama wa Makorora

Mwaka 2011 nilitengeneza tovuti ya chama kidogo cha kuweka na kukopa pale Ngamiani, Tanga. Wanachama walikuwa kina mama wauza samaki na vitumbua, na wengi waliangalia salio lao kwenye kafe moja ya intaneti. Mchana mmoja mama wa Makorora akanipigia simu, sauti inamtetemeka.

"Mwanangu, deni langu analijua Mungu na katibu. Leo jirani kanitajia mpaka shilingi ya mwisho."

Aliniapia kwamba alibonyeza Toka kabla hajainuka. Nikamwambia tukutane kafe.

"Shikamoo mama." "Marahaba." Hakuongeza neno. Akaingia na nywila yake, akabonyeza Toka mbele yangu. Ukurasa ukaandika: "Umetoka. Karibu tena." Nikafungua ukurasa wa salio. Jina lake, mkopo wake, marejesho aliyochelewa, vyote vikajitokeza. Mama akageuza uso.

Nikafungua kivinjari cha Firefox, kwenye orodha ya kuki, yaani vijimaandishi ambavyo tovuti huviacha kwenye kivinjari ili imtambue mtu. Kuki yetu ilikuwa palepale, haijaguswa, na tarehe yake ya kufa ilikuwa mwezi ujao. Kwenye njia, yaani sehemu ya tovuti ambako kuki inatumika, palikuwa na mkwaju (/) mmoja tu. Hapo nikaelewa. Wakati wa kuingia niliiweka kuki kwa njia ya mkwaju, isomeke tovuti nzima, na nikaipa sekunde 2,592,000, yaani siku 30. Ili kuifuta kuki, seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti, huiandika upya, jina lilelile, kwa tarehe iliyokwisha pita, na kivinjari huitupa. Lakini skripti yangu ya kutoka, yaani programu fupi inayoitika mtu akibonyeza Toka, ilikaa ndani ya folda ya wanachama, nami sikuitajia njia. Kivinjari kikadhani nazungumzia kuki ya folda ile, hakikuiona, kikanyamaza. Kwa kivinjari, jina moja kwenye njia mbili ni kuki mbili.

Lou Montulli alipobuni kuki pale Netscape, kampuni ya kivinjari, mwaka 1994, shida ilikuwa kwamba seva haimkumbuki mtu kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Mimi nilishughulika na kukumbuka. Kwa ajili ya kusahau niliandika mstari mmoja tu, nikauamini bila kufungua orodha ya kuki nitazame.

Niliongeza ule mkwaju. Nikaziondoa siku 30, kuki ife kivinjari kikifungwa. Kwenye mashine ya watu wote hazikustahili kuwepo tangu mwanzo. Kisha nikaifanya seva nayo ifute namba ya kikao, ile iliyomo kwenye kuki na inayomtambulisha mwanachama, mtu anapotoka, maana aliyeinakili kuki asingezuiwa na kivinjari cha mwenzake.

Nilimwomba mama radhi. Akaingia tena, akatoka, kisha akamwita kijana wa kafe: "Kaa hapa wewe, nitafutie deni langu."

Kijana akafungua, akarudia, akarudia tena. Fomu tupu, inadai nywila. Mama akainama karibu na kioo, akaisoma mwenyewe neno kwa neno, ndipo akajitanda khanga yake na kutoka.