Siku moja maishani mwangu: shahada ya uchoraji, zamu ya leba

Saa 10:30 alfajiri
Alamu inalia. Maji ya kuoga niliyachota jana, sare iko kwenye mfuko kwa sababu sipandi nayo daladala. Chai ya rangi, viazi vitamu vilivyobaki usiku, natoka.

Saa 11:30
Kutoka Mbagala asubuhi ukipata pa kushika tu, shukuru. Basi nikiwa nimening'inia hapa nijibu swali ninaloulizwa sana: ilikuwaje mtu aliyesoma sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaishia kuwa nesi?

Jibu ni watalii. Picha zangu zilinunuliwa na wageni. Mwaka 2019 nchi ilipokea wageni wapatao milioni 1.5, mwaka 2020, corona ilipoingia, wakabaki laki 6 na ushee. Duka lililokuwa likichukua kazi zangu lilinirudishia kanvasi zote kwa bodaboda, na nauli nikalipa mimi.

Chuo cha uuguzi hakikuwa na haja na shahada yangu. Walitaka cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa Baiolojia, Kemia na Fizikia. Ile D ya Fizikia niliyoionea haya miaka yote ndiyo iliyonipitisha. Stashahada ni miaka 3, nikasoma na vijana waliotoka sekondari juzi, wakaniita shangazi. Kisha mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Saa 1:30 asubuhi
Leba, yaani wodi ya kujifungulia. Tunapokezana zamu kitanda kwa kitanda. Wa usiku wanasoma ripoti huku macho yanafumba. Nahesabu glovu, naangalia kama oksitosini, dawa ya kuzuia mama asitokwe na damu nyingi akishajifungua, iko kwenye friji.

Saa 2:00
Anaingia binti, mimba ya kwanza, na bibi yake amebeba beseni lenye khanga, pamba na mpira wa kutandika. Njia ya uzazi imefunguka sentimita 4. Nafungua patografu.

Kwa wasioijua: ni karatasi yenye miraba, na kila mzazi aliye kwenye uchungu ana yake. Kila nusu saa nasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na kuweka nukta. Yanatakiwa yawe kati ya 110 na 160 kwa dakika. Njia inavyofunguka naandika X. Katikati kuna mstari wa tahadhari uliolala kimshazari, unapanda sentimita 1 kwa saa. X zikiangukia kulia kwake, uchungu unakwenda taratibu kuliko inavyotakiwa. Yangu huwa safi, na malipo ya mkono mzuri ni wenzangu kuniletea zao niwanyooshee. Nakataa. Patografu inayojazwa baada ya mtoto kuzaliwa haimsaidii mtu.

Saa 6:00 mchana
Napima tena: 7. Ilitakiwa 8. X imevuka mstari.

"Mwanangu, mbona umenyamaza?" bibi ananiuliza.

"Anakwenda polepole kidogo, bibi. Namwita daktari amwone."

Daktari anakuja, mapigo ya mtoto ni 138, kichwa kinashuka. Anaagiza akojoe, atembee, tumpime tena baada ya saa 2, na dereva wa gari la wagonjwa asiende mbali. Bibi anaanza kumtembeza mjukuu ukutani hadi ukutani, wakati mwingine kwa kumvuta.

Saa 8:00
Sentimita 10, njia imefunguka yote! Chakula cha mchana kinabaki kwenye hotipoti.

Saa 8:40
Mtoto wa kike, kilo 3.1, analia bila kubembelezwa. Sindano ya oksitosini vizio 10 pajani mwa mama, mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Kondo linatoka zima. Namwangalia mama viganja na ndani ya kope kama hajapauka kwa kupungukiwa damu. Hapo nakiri jicho lililozoea kuchanganya rangi lina kazi yake.

Saa 9:45 alasiri
Nimekabidhi zamu. Mshahara umeingia, na ukiniuliza kipi kimebadilika zaidi maishani, ni kuijua tarehe ya kulipwa. Lakini wanaosema afya ni ajira ya uhakika wapunguze sauti. Nipo kwa mkataba, na niliosoma nao wengine bado wanasubiri tangazo la ajira serikalini huku wakijitolea. Halafu kuna hii: kila mwezi asilimia 15 ya mshahara wangu wa msingi inakatwa na Bodi ya Mikopo. Uuguzi nilijilipia mwenyewe. Linalolipwa ni boom, ule mkopo wa chuo kikuu, la uchoraji.

Saa 10:00
Naelekea getini, muuguzi mfawidhi ananiita. Anataka ukuta wa kliniki uchorwe mama anayenyonyesha, mtoto amekamata ziwa vizuri, wazazi waone wakiwa kwenye foleni.

"Bajeti hakuna, dada. Wewe si ni wetu?"

Nimemwambia rangi na brashi wanunue wao, nipewe siku 2 nisipangiwe zamu, na jina langu liandikwe chini kulia. Amesema atapeleka kwa mganga mfawidhi.