Gesi ya friji haiishi hivi hivi

Mama yangu anauza maji ya baridi na juisi ya ubuyu Kibaigwa, karibu na soko la mahindi. Mwaka juzi friji lake liliacha kupoza. Fundi akaja, akajaza gesi, akalipwa. Wiki tatu hazikupita, juisi ikawa vuguvugu tena. Alikuja mara nne, na kila mara jibu lilikuwa moja: "Gesi imeisha, mama, ni kawaida." Sote tuliamini. Si hata ya kupikia huisha?

Nilipoanza ufundi friji na viyoyozi hapa Dodoma mjini, wiki ya pili tu mwalimu alituambia gesi ya friji hailiwi. Inazunguka humo humo ndani ya mabomba. Ile iitwayo R134a, ya friji nyingi, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, kwa hiyo ikifika kwenye mabomba ya ndani ya friji inachemka kwa joto la vyakula vyenu na kuondoka nalo. Kompresa inaikandamiza, joto linatokea mgongoni mwa friji, gesi inageuka kimiminika, inarudi. Miaka kumi, gesi ile ile. Ikipungua, kuna mahali panavuja, basi. Nilimkumbuka mama na zile hela alizotoa mara nne, nikaumia sana.

Likizo ya Juni niliazima geji ya kupimia presha na mtungi wa naitrojeni. (Oksijeni usithubutu kuitumia kupimia presha. Ikikutana na oili ya kompresa inalipuka.) Nikajaza presha, nikapaka povu la sabuni kila kiungo. Viungo vyote vizima. Nikapiga magoti na tochi nyuma ya kompresa, pale paipu ya kopa inapopita karibu na kishikizo cha chuma. Kikatokea kipovu kimoja, kidogo kama punje ya uwele. Kikavimba taratibu, kikapasuka, kikaja kingine. Kila kompresa ilipotetemeka, chuma kilikuwa kinaisugua kopa, mpaka kikaitoboa.

"Mama, njoo uone."

Aliinama akatazama kwa muda mrefu. "Kwa hiyo hela zangu zilikuwa zinatokea hapo?"

Nilikata kipande kile, nikaunga kopa mpya, nikachomelea, nikabadilisha draya (kichujio kinachonyonya unyevu), nikavuta vakyumu, yaani kutoa hewa yote iliyobaki mabombani, kisha nikapima gesi kwa mizani kufuata gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kopa nikaikunja mbali na kile chuma.

Huku mjini nako kisa ni hicho hicho. Dodoma ina vumbi jekundu, na kiangazi linajaza mapezi (vile vibati vyembamba) ya mashine ya nje ya kiyoyozi mpaka upepo haupiti. Mteja anasema kiyoyozi kimeishiwa gesi, kumbe kinahitaji kuoshwa tu. Anayejaza bila kutafuta panapovuja anamwibia mteja, na anaichafua hewa pia: R134a ikiachwa angani inapasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito ule ule. Ndiyo maana mwaka 2016 nchi zilikubaliana kule Kigali kupunguza gesi za jamii hii.

Mama aliandika tarehe kwa chaki ubavuni mwa friji: 14 Juni. Sasa ni Novemba, joto limepamba moto, na hajaita fundi.