Mmisionari kwenye kihamba cha Bibi

Ukitaja mmisionari, wengi humwona Mzungu ndani ya Land Cruiser. Mimi ni Mluhya wa Vihiga, Kenya. Mwaka 2016 kanisa letu la kipentekoste lilitutuma, mimi na mume wangu, Old Moshi, Tanzania, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kule juu ukishapita Kiboriloni. Tulivuka Taveta tukaingia Holili, tukafika Himo, na njia nzima nilijiona niko kwa jirani tu. Lugha ni ileile, ugali ni uleule, hata kwaya zilizoimba kwenye basi nilizijua. Waliotuaga walisema huko si ng'ambo. Idara ya Uhamiaji ilisema ni ng'ambo: tulihitaji kibali cha ukaazi daraja C, kile wanachopewa wamisionari, kisha tukajitambulishe kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji.

Baridi ya Julai tuliizoea kwa makoti, na kumwamkia kila mkubwa "shikamoo" tulikuzoea ndani ya wiki chache. Kilichotaka akili ni kwamba tulikuwa tumetumwa kuwahubiri watu waliolijua jina la Yesu kabla kanisa letu halijazaliwa. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame, hukohuko Kilimanjaro, mwaka 1893. Bibi aliyetupangisha nyumba kwenye kihamba chake, yaani shamba la ukoo lenye makazi na migomba, alibatizwa akiwa mchanga, baba yake alikuwa mwinjilisti, na nyimbo za kitabu cha kanisa anaziimba bila kukifungua. Mtu kama huyo ukimwambia umemletea Injili, atakuandalia chai na kukuuliza kama kwenu mvua imenyesha.

Mume wangu alitaka tukodi ukumbi mara moja, tuweke spika, tuanze. Mimi nikashikilia kwamba twende kwanza kwa mchungaji wa usharika wa Kilutheri. Tulikwenda. Tulimweleza wazi: mume wangu ni seremala, atafundisha vijana, mimi nitakaa na akina mama, hatukuja kumchukulia washarika. Alitusikiliza kwa muda mrefu, kisha akasema kuna watu ambao yeye hawaoni kanisani: vijana wa bodaboda, na wale wanaoshinda kwenye vilabu vya mbege, pombe ya ndizi. "Anzieni hapo," akasema. Naamini maneno hayo mawili yalituokolea miaka. Viongozi wetu nyumbani hawakufurahia kusikia tumeomba baraka kwa Walutheri, lakini wao hawakuwa wakiishi Old Moshi.

Jirani mmoja mzee ndiye aliyenifundisha historia ya mahali pale, na hakuanza na kanisa. Alianza na Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani mwezi Machi mwaka 1900, kichwa chake kikachukuliwa, na hadi leo ukoo wake unakidai. Baada ya hapo ndipo akaja kwa Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyefika Uchaggani mwaka 1902 na kuondoka kabisa mwaka 1938, aliyefanya kazi Kidia, mwendo mfupi kutoka tulipoishi. Gutmann alijifunza Kichagga kwa kina, akaandika sheria na desturi, na akajaribu kulijenga kanisa juu ya vitu vitatu alivyovikuta: ukoo, ujirani na rika. Sikubaliani naye kwa yote. Alipenda Uchagga wa zamani kuliko baadhi ya Wachagga wenyewe, na wakati yeye akikusanya desturi, wakulima wa kahawa walikuwa wakiunda chama chao, mwaka 1925, wakitaka bei nzuri na sauti. Ila hapo kwenye ujirani aliona sawasawa. Sisi hatukuwa na ukoo pale wala rika. Tulichokuwa nacho ni ujirani, kwa sababu tulilala ndani ya kihamba cha Bibi, na kihamba kina watu wake, walio hai na waliozikwa humohumo kwenye migomba.

Kwa hiyo nikajifanya mtoto wa Bibi. Palipotokea msiba sikwenda na Biblia mkononi. Nilikwenda na kisu, nikakaa na wanawake kumenya ndizi. Jumapili nyingine nilihudhuria ibada ya usharika na kubaki kwenye mnada baada ya ibada, pale mkungu wa ndizi, kuku au mayai yaliyotolewa sadaka yanapopigiwa bei nje ya kanisa. Niliwahi kushindana na mwalimu mmoja kwa jogoo hadi watu wakashangilia. Jogoo alikuwa ghali mno, nakiri, lakini wiki ile kila mtu sokoni alijua mimi ni nani.

Mbege ilikuwa jambo zito zaidi, maana kanisa letu halinywi kabisa, na kule kibuyu kinazunguka kwenye posa, kwenye msiba, kwenye kugawana urithi. Ukikataa, umemkataa mtu, si kinywaji. Yule mzee jirani alinipa njia: "Kipokee kwa mikono miwili, shukuru, kisha nipe mimi." Nikawa nakaa karibu naye kila mara. Mume wangu naye akapata mtu wake. Hakuna aliyewahi kutulazimisha tangu hapo, na mzee hakuwahi kulalamika kwamba anakunywa mara mbili.

Jani la sale, ambalo Wachagga hulipeleka kuomba msamaha, tulilikubali bila shida. Mume wangu alipokosana na baba wa kijana mmoja kuhusu mbao, alipeleka sale na kuomba yaishe, na yaliisha. Tambiko la mbuzi kwa ajili ya wazee waliolala, hapo tulisimama. Nilimwambia Bibi mapema, tukiwa wawili jikoni: nitasaidia kuteka maji na kufagia uwanja, nyama ya tambiko sitakula. Alinitazama, akasema hata ndani ya ukoo wake wapo wasioila, wengine ni wazee wa kanisa. Sikujua kwamba mjadala huo wameufanya wenyewe muda wote huo, bila kumngoja mgeni.

Kisha nikapata mimba, na mambo yakageuka. Nilijifungulia hospitali ya Mawenzi, nikarudi nyumbani nikidhani nitapumzika siku chache kisha nirudi kwenye ziara zangu. Bibi alifunga mjadala mlangoni. Mzazi wa Kichagga hukaa ndani hadi miezi mitatu, anakula, analala, ananyonyesha, na kazi zote zinafanywa na wengine. Mimi si Mchagga, nikasema. "Umezalia kwangu," akasema. Kila asubuhi mtori wa ndizi mshare, nyama imepondwapondwa ndani, moto, bakuli zima, na haondoki pembeni mpaka liishe. Wanawake walikuja kwa zamu na kuni, maziwa, ndizi, siagi. Wengine walikuwa ni walewale niliokuwa nikiwafuata majumbani kwao wakanisikiliza kwa adabu tu. Sasa walikaa kitandani pangu na kunieleza ya waume, ya viwanja, ya mtoto aliyekwenda Dar es Salaam akanyamaza. Tuliomba sana katika chumba kile. Ushirika wa akina mama niliotumwa kuuanzisha ulianzia hapo, nami nikiwa nimelala.

Nyumbani walitaka ripoti. Fomu ya kila robo mwaka ina safu tatu: waliookoka, waliobatizwa kwa maji mengi, vikundi vipya. Safu ya pili ndiyo iliyokuwa na mtego. Wanawake karibu wote waliokuwa chumbani mwangu walikwisha kubatizwa na Walutheri wakiwa watoto. Kumtia mmoja wao majini tena kungempa mtumaji wetu namba, na kungemgombanisha na usharika, na mumewe, na kaburi la mama yake. Tuliamua, mimi na mume wangu, kwamba hatutamwalika mtu wa usharika kubatizwa upya. Akitaka mwenyewe, azungumze kwanza na wazee wake. Kwenye fomu nilijaza sifuri, nikaambatanisha barua ndefu: vijana wangapi wanajua kutengeneza mlango, nani ameacha kulewa, akina mama wanaoomba pamoja Alhamisi. Barua ya kwanza ilijibiwa kwa ukali. Baada ya mzee mmoja wa kanisa letu kututembelea na kulala kwa Bibi siku kadhaa, waliongeza safu ya nne, "mengineyo". Ndiyo ninayoijaza zaidi.

Bado jambo moja halijakaa sawa. Sisi hatubatizi watoto wachanga. Mwanetu tulimweka wakfu kwa maombi, mchungaji wa usharika akiwa amealikwa na kuketi mbele. Bibi alipika, aliimba, alifurahi. Jioni, vyombo vikioshwa, aliuliza ubatizo wenyewe ni lini. Nilimweleza. Akanisikiliza vizuri, na tangu siku hiyo, kila tarehe ya ubatizo inapotangazwa usharikani, ananiletea habari.