Nilivyompata Durant bila kuuza miaka ya mbele

Mapema mwaka wa 2025 rafiki yangu mmoja, karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, alinitumia ombi la kubadilishana wachezaji katika ligi yetu ya fantasi ya mpira wa kikapu, lililonishughulisha hadi nikawa nalifikiria hata kwenye foleni ya feri: anipe Kevin Durant wa Phoenix, nami nimpe Amen Thompson wa Houston pamoja na machaguo yangu ya raundi ya kwanza ya miaka ya 2026 na 2027. Durant alikuwa na umri wa miaka 36, na Amen alikuwa anakaribia kutimiza 22.

Ligi yetu, ambamo kila mmoja humiliki timu ya kubuni ya wachezaji halisi wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na hushinda au kushindwa kwa takwimu zao, ina timu kumi na mbili, na wenye timu wengi ni watu wa Kibokoni na Makadara, mjini Mombasa, pamoja na wachache waliohamia Nyali na Likoni ambao bado hawajakatika barazani. Inatofautiana na fantasi ya kandanda ambayo kila mtu mjini anaijua, kwa kuwa kikosi hakivunjwi msimu unapokwisha. Mchezaji uliye naye leo utakuwa naye mwakani na mwaka wa kumi, mpaka umuuze au astaafu, na kila mwaka baada ya drafti ya NBA, yaani zamu ya timu zake kuchagua wachezaji wapya, sisi nasi huwagawana wachezaji wapya kwa zamu, timu dhaifu ikitangulia kuchagua. Kwa hiyo kila mwenye timu ana mali ya aina mbili, yaani wachezaji anaowachezesha na haki ya kuchagua katika miaka ambayo haijafika. Haki hiyo ya pili huuzwa na kununuliwa kama shamba, na ndiyo tuliyoivutania.

Hoja ya kutafuta ubingwa msimu uleule haikuwa nyepesi. Kikosi changu kilimtegemea Nikola Jokić wa Denver, ambaye mwezi wa Februari mwaka huo angetimiza miaka 30 na ambaye alikuwa akicheza msimu wa ajabu; mpaka unamalizika, wastani wake ulikuwa pointi 29.6, rebaundi (mipira anayodaka baada ya mtupo kukosa) 12.7 na asisti (pasi zinazozaa kikapu) 10.2 kwa mchezo, akawa mtu wa tatu tu katika historia ya NBA, baada ya Oscar Robertson na Russell Westbrook, kumaliza msimu na wastani wa tarakimu mbili katika vipengele hivyo vitatu. Mtu mwenye Jokić hana uso wa kusema kwamba anajenga timu ya baadaye. Kilichonipungukia ni mfungaji asiyekosa mitupo huru na asiyeharibu asilimia ya mitupo ya uwanjani, kwa sababu katika ligi yetu timu hushindanishwa kila wiki kwa vipengele tisa, na vijana wangu walikuwa wananizamisha katika viwili kati ya hivyo. Durant, ambaye katika msimu wa 2012–13 alifunga kwa zaidi ya asilimia 50 uwanjani, zaidi ya 40 kwa mitupo ya pointi tatu na zaidi ya 90 kwa mitupo huru, bado alikuwa na mkono uleule.

Nilichukua daftari la dukani nikaandika umri wa kila mchezaji wangu, kisha kando yake nikaandika miaka ambayo nadhani atabaki katika kiwango chake. Jambo lilionekana mara moja. Wenye thamani kubwa, Jokić akiwa kichwani, walikuwa na miaka miwili au mitatu mizuri, na baada ya hapo ukurasa ulikuwa mtupu isipokuwa jina la Amen na la mwenzake wa Houston, Jalen Green. Watu wengi huishia hapo, wakaamua kwamba maadamu nafasi ni ya sasa basi kila cha baadaye kiuzwe. Mimi niliongeza safu nyingine, ya machaguo yangu mwenyewe, nikajiuliza kila moja litafika timu yangu ikiwa katika hali gani. La 2025 lingefika nikiwa karibu na kileleni, kwa hiyo lingekuwa la mwisho mwisho katika foleni na thamani yake ilikuwa ndogo. La 2026 lilikuwa la mashaka. La 2027 lingefika Jokić akiwa na miaka 32 na Durant, kama bado angekuwa anacheza, akikaribia 39, na hapo ndipo ningelihitaji kuliko wakati wowote.

Rafiki yangu alikuwa akiomba hilo hasa. Machaguo mawili ya raundi ya kwanza kwenye karatasi yanafanana, lakini anayeuza la mbali anauza udhaifu wake mwenyewe kabla haujaonekana, na kwa kawaida mnunuzi huuona mapema kuliko yeye.

NBA ina mfano wa jambo hilo ambao sikuweza kuuondoa kichwani. Mwaka wa 2013 Brooklyn ilimchukua Kevin Garnett, aliyekuwa na miaka 37, na Paul Pierce, aliyekuwa na miaka 35, pamoja na Jason Terry, kutoka Boston, ikalipa kwa machaguo ya raundi ya kwanza ya 2014, 2016 na 2018 na haki ya Boston kubadilishana nayo nafasi mwaka wa 2017. Watu husimulia kisa hicho kwa jumla, kana kwamba malipo yote yalikuwa na uzito mmoja, na ukitazama moja moja ndipo unapoona. Chaguo la 2014, lililokuwa la karibu, liliangukia nafasi ya 17 kwa sababu Brooklyn bado ilikuwa timu ya kushinda michezo 44. La 2016 likawa la tatu, akachaguliwa Jaylen Brown. La 2017, baada ya Brooklyn kushinda michezo 20 kati ya 82, likawa la kwanza kabisa, na Boston ikabadilishana na Philadelphia ikashuka hadi nafasi ya tatu, ikamchagua Jayson Tatum. Vijana hao wawili ndio walioiongoza Boston kutwaa ubingwa wa 2024. Wazee walipoondoka, Brooklyn haikuwa na timu, wala haikuwa na faida ya kuwa dhaifu.

Upande wa pili nilikuwa na Toronto, na huo nao ni mfano wa kweli. Mwaka wa 2018 walimchukua Kawhi Leonard na Danny Green kutoka San Antonio, wakijua kwamba mkataba wa Kawhi ungeweza kwisha baada ya msimu mmoja, na ndivyo ilivyokuwa. Alitwaa nao ubingwa wa 2019 kisha akaenda zake Los Angeles. Lakini waliuza nini? DeMar DeRozan, aliyekuwa kipenzi cha mji mzima na aliyekwisha kufika kileleni mwake, Jakob Poeltl, na chaguo moja la mwaka uliofuata, tena lenye kinga, yaani lisingetolewa kama lingeangukia nafasi za juu. Pascal Siakam, Fred VanVleet na OG Anunoby walibaki nyumbani, na msimu uliofuata, Kawhi akiwa hayupo, Toronto ilishinda michezo 53 na kupoteza 19. Waliweka kila kitu katika mwaka mmoja bila kugusa miaka ya mbele.

Clippers wa Los Angeles, waliompokea huyo Kawhi, siku zilezile walimnunua Paul George kwa machaguo matano ya raundi ya kwanza pamoja na Shai Gilgeous-Alexander, na katika kisa hicho kijana mwenyewe ndiye aliyegeuka kuwa gharama kubwa kuliko machaguo yote. Kwa hiyo nilikuwa na mambo mawili ya kukataa, chaguo la mbali na kijana ambaye bado sijaujua mwisho wake. Amen alikuwa wa namna hiyo. Hakuwa na mtupo wa mbali, lakini alirukia rebaundi kama mtu wa kati, alipokonya mipira, na kila mwezi dakika zake uwanjani zilikuwa zinaongezeka.

Jalen Green alikuwa habari nyingine. Alichaguliwa wa pili katika drafti ya 2021, ana mwendo wa kupendeza, na usiku mmoja anaweza kufunga pointi zaidi ya 40 ukamwona kwenye kila simu asubuhi yake. Lakini katika vipengele tisa alikuwa akinipa pointi na mitupo ya pointi tatu, na kwa mengine alikuwa ama wa kawaida ama wa kunirudisha nyuma. Jina lake lilikuwa na bei kubwa kuliko kazi yake. Hilo ndilo nililoamua kulipia.

Tulikutana baada ya Isha, barazani Kibokoni, muuza kahawa akipita na birika lake na kugonganisha vikombe. Nilimweleza kwamba Amen hauzwi na 2027 haiuzwi, na kwamba nampa Green pamoja na chaguo langu la 2025.

"Yakhe, fimbo ya mbali haiui nyoka," akaniambia. "Jokić unaye sasa. Hayo ya 2027 wayawekea nani?"

"Mchama ago hanyele, huenda akauya papo," nikamjibu, yaani anayehama kambi asiichafue, huenda akarudi palepale; akacheka, maana alijua kwamba ago lililokuwa likijadiliwa ni langu.

Nikamkumbusha pia kwamba hata NBA yenyewe isingeruhusu alichoomba. Tangu miaka ya 1980, baada ya Ted Stepien, aliyekuwa mwenye Cleveland, kutapanya machaguo ya timu yake, kuna kanuni inayoizuia timu kujiacha bila chaguo la raundi ya kwanza kwa miaka miwili ijayo inayofuatana, na kanuni hiyo inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Ligi yetu haina kanuni kama hiyo. Alisema ndiyo sababu ameomba.

Hatukuafikiana usiku ule. Kilichomlainisha ni Dallas. Mwanzoni mwa Februari walimtoa Luka Dončić, mwenye miaka 25, wakamchukua Anthony Davis, mwenye miaka 31, kwa maelezo kwamba wanataka ulinzi wa kushindia ubingwa sasa, na Davis akaumia katika mchezo wake wa kwanza na timu hiyo. Kundi letu la WhatsApp halikulala. Kwa siku chache kila aliyekuwa na mchezaji wa umri mkubwa alimwona kama mzigo, na uvumi kwamba Phoenix yenyewe inatafuta kumwuza Durant ulizidisha wasiwasi. Rafiki yangu alinipigia simu akiwa kazini, nyuma yake nikisikia honi za malori. Aliongeza ombi moja, chaguo langu la raundi ya pili la 2026, nikakubali kabla hajamaliza sentensi.

Mchujo wa ligi yetu uliangukia Ramadhani, jambo lililotufaa, kwa kuwa Wamarekani wakishasogeza saa zao mwezi wa Machi, Denver wakiwa kwao huanza kucheza saa kumi alfajiri yetu na Phoenix saa kumi na moja. Nilikula daku simu ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai, Jokić akicheza, na Durant alipoanza, adhana nayo ilikuwa inakaribia. Nilifika fainali, ambayo kwetu huchukua wiki mbili, na baada ya wiki ya kwanza nilikuwa naongoza. Mwisho wa Machi Durant aliteguka kifundo cha mguu wa kushoto katika mchezo dhidi ya Houston na hakurudi tena msimu huo. Nilifungwa kwa vipengele vitano kwa vinne.

Wapo walioniambia kwamba laiti ningeongeza chaguo la 2027 ningeweza kudai mchezaji mwingine wa akiba na ningetwaa ubingwa. Sioni hivyo. Mtu wa miaka 36 huumia, na hatari hiyo ilikuwa imeandikwa katika daftari langu tangu mwanzo. Bei niliyolipa ilikuwa bei ya mtu anayeweza kuumia.

Kisha mwezi wa Juni wa mwaka uleule Houston na Phoenix walikubaliana kufanya karibu kile tulichokifanya Kibokoni: Durant akaenda Houston, Jalen Green akaenda Phoenix pamoja na Dillon Brooks, chaguo la kumi la 2025 na machaguo ya raundi ya pili, na Amen akabakishwa. Kundini walisema Houston wametunakili. Kilichonivutia zaidi ni lile chaguo la kumi, kwa sababu asili yake lilikuwa la Phoenix wenyewe. Walikuwa wameliuza mwaka wa 2023 walipomnunua huyohuyo Durant kutoka Brooklyn, pamoja na machaguo ya 2023, 2027 na 2029. La 2023, la karibu, lilikuwa la 21. La 2025 lilifika baada ya Phoenix kupoteza michezo 46 na kukosa mchujo, likawa la kumi, nalo lilikuwa limekwisha kupita mikononi mwa Houston. Ili walirudishe ilibidi wamtoe Durant. Walimchagua kwalo Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, na barazani alipata wafuasi siku hiyohiyo.

Durant alipotimiza miaka 37 mwezi wa Septemba nilimweka sokoni. Aliyenifunga katika fainali ndiye anayemtaka. Kikosi chake kina LeBron James na Stephen Curry, na hana muda wa kungoja mtu akue. Amekuwa akinipa chaguo lake la 2026, nami nimemwambia la 2026 akae nalo, anipe la 2028.